Mpigo Uliokataa Kukimbia

Nikikaribishwa chai popote, huwa naangalia ndani ya kikombe kabla sijashukuru. Wajukuu wangu hunicheka. Wananiita Kogo Polisi, yaani nyanya mwenye kazi ya polisi. Waache wacheke. Nimekuwa muuguzi huku Kericho na Bomet tangu nikiwa msichana mwembamba mpaka nikawa huyu mnayemwona, na kama kuna kitu kilichonifikisha kwenye kustaafu nikiwa bado nalala usingizi, ni kwamba sikuamini chupa, sikuamini mashine, sikuamini faili, na mgonjwa mwenyewe nilimwamini nusu.

Nyinyi mnaotoka chuoni sasa, na sare zenu za zambarau, mnazoita skrabu, na simu zenye kila dozi ndani, nataka tuzungumze habari za jamii moja ya dawa inayostahili kushukiwa kuliko zote: adrenalini na ndugu zake. Sisemi ni mbaya. Nimeiona ikimrudisha mtu ambaye watu wa kanisa walikuwa wameshaanza kumwimbia. Lakini ni dawa yenye nguvu na haraka, na kitu chenye nguvu na haraka mimi hukitazama kwa jicho la pembeni.

Kwanza mjue si mgeni. Mwili unaitengeneza wenyewe, kwenye vitezi vidogo vilivyokaa juu ya figo. Siku ile mbwa wa jirani alipokukimbiza, mate yakakauka, moyo ukataka kutoka kifuani, ukaruka ua ambao mpaka leo ukiutazama hujui uliurukaje, hiyo ilikuwa adrenalini yako mwenyewe. Sisi na sindano tunaongeza tu. Ikiingia kwenye damu inatafuta milango yake. Kwenye mishipa ya damu kuna mlango wa alfa. Ukifunguka, mishipa inajikaza na presha inapanda. Kwenye moyo kuna beta ya kwanza; moyo unapiga kwa nguvu na kwa kasi. Kwenye mapafu kuna beta ya pili. Njia za hewa zinalegea na mtu anapumua.

Aliyenifundisha hayo ni Sista Awuor, mama mrefu wa kutoka kando ya ziwa, aliyekuwa mkuu wa wodi ya wanaume nilipoanza kazi. Hakuwa na subira na vitabu vinene. "Beta moja, moyo mmoja," alikuwa akituambia. "Beta mbili, mapafu mawili. Mkisahau hiyo, rudini nyumbani mchume chai."

Tulimwogopa. Alikuwa akiingia wodini haangalii faili, anaenda moja kwa moja kwa mgonjwa na kufunua blanketi kama askari anayekagua magunia barabarani. Niliona ni ukorofi mpaka alipoletwa mzee mmoja wa Ndanai, damu yake imechafuka kwa kidonda, presha iko chini kabisa. Tukamtundikia dripu ya dopamini, ambayo ni ndugu wa adrenalini. Presha ikapanda vizuri. Niliiandika kwa mwandiko wa kujivunia. Sista Awuor akaja, akapita faili langu, akafunua. Mabinti wa mzee walikuwa wameufunga ule mkono wa dripu kwa leso, juu yake sweta, juu yake blanketi, kwa sababu ya baridi yetu hii. Chini ya nguo zote hizo, ngozi kuzunguka sindano ilikuwa nyeupe na baridi kama jiwe la mtoni. Dawa ilikuwa imevuja nje ya mshipa, ikawa inakaza vile vimishipa vidogo vya ngozi na kuvinyima damu.

Alifunga dripu hapo hapo. Hakuchomoa sindano kwa haraka. Alivuta kwanza kwa bomba la sindano dawa iliyobaki ndani, ndipo akaitoa, huku akiniagiza nitafute mshipa mkubwa upande wa pili. Binti mkubwa akapandwa na hasira.

"Sista, mzee anasikia baridi! Unamfunua aje hivyo?"

"Wacha asikie baridi," Awuor akamjibu. "Mfunike miguu, mfunike kichwa. Huu mkono ukae uchi niuone."

Mzee alipona na kovu dogo tu. Tangu siku hiyo, mgonjwa wangu akiwa kwenye dripu ya namna hiyo, mkono wake haulali chini ya nguo, hata mama yake mzazi akilia. Presha nzuri kwenye karatasi haiwezi kukwambia mkono unakufa.

Vichupa navyo msiviamini. Adrenalini haipendi mwanga. Kwenye dispensari moja nilikuta msaidizi amevipanga dirishani ili vionekane upesi siku ya dharura, wazo zuri kabisa, isipokuwa jua la mchana lilikuwa limevifanya vyote kuwa na rangi ya chai isiyo na maziwa. Mwanafunzi mmoja aliyekuwa mazoezini akaniuliza, "Lakini Sista, ikikolea hivyo si ndio inakuwa strong?" Nilicheka mpaka nikakaa chini. Huku kwetu hata mtoto anajua chai ikikolea imeiva. Dawa hii ikikolea ni takataka. Iwe angavu kama maji, ikae gizani kwenye pakiti yake, na usome jina kwenye kichupa chenyewe, si kwenye boksi, kwa maana vichupa vidogo hufanana, na mtu mwenye haraka huchanganya boksi.

Na kuna salbutamoli, hii ya pampu ya pumu. Hii ni ya heshima kidogo, inagonga zaidi ule mlango wa mapafu. Lakini mtu akiivuta sana mlango wa moyo nao unasikia, mikono inatetemeka, na nyumbani wanaanza kusema ni mapepo. Mzee arap Langat alinirudia kliniki mara nyingi akilalamika kwamba pampu yangu ni ya uongo. Nikamwambia, haya mzee, nionyeshe unavyotumia. Akafungua vifungo vya shati, akajipulizia kifuani, juu ya ngozi, akapaka na kiganja. "Si hapa ndipo panapouma?" akaniuliza kwa uso mkavu. Kwa hiyo msimuulize mgonjwa kama anajua kutumia. Mwambie akuonyeshe. Aitikise, atoe pumzi, abane midomo kwenye pampu, avute polepole huku anabonyeza, abane pumzi. Kila mtu atakwambia anajua.

Sasa niwaambie habari iliyonifanya nijue kwamba kushuku watu wengine ni nusu ya kazi tu.

Miaka yangu ya mwisho nilikuwa kwenye kliniki ya shamba moja kubwa la chai ambalo sitalitaja. Ni wakati zile mashine za kuchuma zilikuwa zimeenea. Wachumaji wa mikono walikuwa wakipunguzwa kila msimu, na kila mtu kambini alijua kwamba aliye kwenye mashine ndiye aliyebaki. Lakini ili ukubaliwe kwenye mashine, na uendelee kukubaliwa, ulipimwa kliniki: masikio, macho, presha, mpigo wa moyo. Presha ikiwa juu, unarudishwa kwenye kikapu, kuchuma kwa mkono. Na kikapu kilikuwa mlango wa kutokea. Aliyepima alikuwa mimi, na aliyetia sahihi alikuwa mimi.

Okoth alikuwa dereva wa mashine, mtu wa makamo, mcheshi, aliyezaliwa hapo hapo kambini na wazazi waliotoka kando ya ziwa. Mkewe, Mama Achieng, alikuwa bado mchumaji wa mikono. Asubuhi moja ya vipimo Okoth aliingia amepanda kile kilima cha kliniki kwa miguu, jasho linamtiririka, anahema. Nikamfunga mkanda. Presha nzuri. Nikashika mkono wake, na mpigo ulikuwa unatembea taratibu kama wa mtu aliyetoka usingizini.

Machale yakanicheza. Mtu amepanda kilima, anaogopa kupoteza kazi, halafu moyo umetulia hivyo? Nikaishuku mashine ya presha. Nikabadilisha betri. Nikampima tena, jibu lile lile.

"Okoth, unakimbia mbio za asubuhi siku hizi?"

"Sista, mimi ni mwanaume wa mazoezi," akasema huku akicheka, na hakunitazama.

Nikatia sahihi, akaenda kazini.

Kabla ya chakula cha mchana wakamleta kwenye trela ya trekta, juu ya magunia ya majani mabichi. Mnajua mchumaji wa mikono huwaona nyuki. Anasikia mlio, anaona wanavyoingia na kutoka kwenye kichaka, anakizunguka na kuwaambia wenzake. Mashine haisikii, na anayeiendesha ameziba masikio kama alivyoagizwa. Okoth aliingia na mashine moja kwa moja kwenye kiota. Uso ulikuwa umevimba macho hayaonekani, midomo imegeuka, kifua kinapiga mluzi, ngozi imejaa mabaka, presha inashuka.

Hapo hakuna kufikiria mara mbili. Adrenalini, nusu mililita, kwenye msuli wa paja upande wa nje, hata kama ni kupitia kwenye ovaroli. Mlaze chali, inua miguu, oksijeni, na mtu asijaribu kumketisha ghafla wala kumsimamisha. Daktari wa kliniki yetu, Cheruiyot, kijana mtulivu ambaye mpaka leo namheshimu, alikuwa ameshaanza kumtafutia mshipa wa dripu kabla sijamaliza kuchoma.

Kwa kawaida ukiichoma unaiona kwa macho. Dakika chache tu, mpigo unakimbia, mluzi unapungua, mikono inatetemeka, mgonjwa anashika kifua na kukwambia moyo unapiga. Nilishika mkono wa Okoth nikangoja ule mwendo. Haukuja. Tukarudia dozi. Kifua kikazidi kubana. Mtu alikuwa anakufa mbele yetu na moyo wake ulikuwa unatembea tu, taratibu, vile vile kama asubuhi.

"Sista, hii dawa iko sawa kweli?" Cheruiyot akaniuliza.

Nilichukua kichupa nikakiinua kwenye mwanga. Angavu. Nikasoma jina. Nikasoma tarehe. Nikaangalia sindano, ndefu ya kutosha. Kila kitu nilichozoea kukishuku kilikuwa safi. Hapo ndipo nilipojua kwamba kuna mtu chumbani anajua kitu.

"Mama Achieng," nikamwita mkewe, aliyekuwa amesimama ukutani na aproni yake ya kuchumia. "Baba Achieng amemeza nini leo?"

"Hakuna, Sista."

"Dawa yoyote. Hata ya kichwa."

"Hajameza kitu."

Nikawageukia wanaume waliomleta. Wote wakatazama gambuti zao. Wanaume wazima, wamejaa miba ya nyuki shingoni. Nikafuata macho ya mmoja wao, nikaona yanapokwenda. Mlangoni alikuwa amesimama afisa wa maslahi ya wafanyakazi, tuliyemwita Welfare, simu mkononi. Na kutoka mlangoni macho ya yule mtu yakarudi kwangu. Yaani kwao sisi wawili tulikuwa upande mmoja.

Vijana, iliniuma. Miaka yote nawapima, nawazalisha wake zao, nawafunga vidonda, na mimi nilidhani mimi ndiye mwenye kushuku. Kumbe wao walikuwa wananichunga muda mrefu, na walikuwa na haki.

Nilimwambia Welfare ambulensi haipatikani kwa simu akiwa ndani, atoke akasimame kule juu kwenye tangi ambako kuna network. Alitoka. Nikamshika Mama Achieng bega.

"Mama, huyu anakufa. Dawa ninayompa kuna kitu kinaifungia mlango. Niambie ni nini."

"Nikikwambia utasema."

"Itabaki kwetu."

Akanitazama kwa muda ambao mumewe hakuwa nao. "Ile ya rovu," akasema. "Ya yule mama wa kambi ya chini. Wote wanaenda kwake siku ya kupimwa. Jana jioni alimeza, na leo asubuhi alimeza ingine. Anasemanga moyo unamsaliti akikuona na ile mkanda."

Ilikuwa propranoloo. Mama mmoja mwenye rovu, ule uvimbe wa shingo, alipewa hospitalini kihalali, kutuliza moyo uliokuwa unakimbia ovyo kwa sababu ya ugonjwa wake, na vidonge vyake vikawa vinatembea kambi nzima. Mwelewe inavyofanya: inakaa kwenye milango ya beta na kuifunga kwa ndani. Mwoga akimeza, moyo haukimbii, presha inatulia, Sista anatia sahihi. Lakini siku nyuki wakija, adrenalini yako mwenyewe inagonga na haifunguliwi, na ile ya sindano yangu inagonga na haifunguliwi. Moyo haukimbii na mapafu hayafunguki. Na kwa mwenye pumu kidonge hicho kinaweza kumbana kifua hata bila nyuki.

Kuna dawa inayoweza kuuamsha moyo kama huo kwa njia nyingine isiyopita milango hiyo. Inaitwa glukagoni, wengi mnaijua kwa wagonjwa wa sukari. Sisi hatukuwa nayo. Cheruiyot akafungulia maji ya dripu yaingie kwa nguvu, tukaendelea na oksijeni na mvuke wa salbutamoli ingawa tulijua unagonga mlango uliofungwa, na ambulensi ilipofika niliingia nayo. Njia nzima mpaka Kericho nilishika mkono wa Okoth, na njia nzima Mama Achieng alishika mguu wake.

Kwenye mapokezi ya dharura daktari wa zamu alikuja mbio. Welfare alikuwa ameshafika kwa gari lake, akasimama karibu nasi, na sioni kwa nini nimlaumu, ilikuwa kazi yake.

"Amepata adrenaline ngapi? Na kuna dawa ingine ametumia?" daktari akauliza.

Mama Achieng alinitazama. Sijasahau macho yale. Nilikuwa nimempa neno langu, na yule mtu alikuwa amesimama hapo anasikiliza. Ningeweza kumvuta daktari pembeni, mnaweza kusema. Pembeni ilikuwa mbali. Midomo ya Okoth ilikuwa imeanza kuwa ya bluu.

"Amemeza propranoloo," nikasema kwa sauti. "Jana jioni na leo asubuhi. Anahitaji glukagoni."

Wakaitafuta, wakaipata, wakaipitisha polepole kwenye mshipa. Kumbukeni dawa hiyo hutapisha. Tulimlaza ubavu mapema na hakupaliwa. Alitapika, akakohoa, na mpigo chini ya vidole vyangu ukaanza kuinuka. Nililia hapo hapo na sikuona haya.

Okoth aliishi. Mashine alinyang'anywa, yeye na wenzake kadhaa, baada ya kupimwa upya siku ambayo hawakutarajia. Nilikwenda ofisini nikawaambia mtu akiogopa kipimo, kipimo hicho ni cha uongo. Watibuni presha halafu muwarudishe kazini. Walisema wataangalia. Mnajua maana ya wataangalia. Okoth alirudi kwenye kikapu, na kikapu kilipoisha alianza kulima shamba la kukodi huko Mogogosiek. Mama Achieng hakunisalimu tena. Tulisali kanisa moja, na kwenye kupeana mikono ya amani alikuwa akigeukia benchi la nyuma. Ilinichoma, siwezi kuwadanganya. Ningesema tena vile vile, na ingenichoma tena vile vile.

Msimu wa baridi wa mwisho kabla sijastaafu, nilikuwa peke yangu kliniki Mama Achieng aliposimama mlangoni, amempakata Achieng, msichana wao mdogo. Mabega ya mtoto yalikuwa yanapanda na kushuka, mbavu zinaingia ndani, mluzi unasikika mpaka nje. Nikainuka. Hakukaa kwenye kiti nilichomvutia.

"Bado sikuamini, Sista," akasema.

"Sawa, mama."

Nikanyoosha mkono nichukue nebulaiza, ile mashine ya mvuke, na kabla sijafungua mdomo kumuuliza chochote, akaanza mwenyewe, haraka, macho yake yamekaza kwenye uso wangu.

"Asubuhi amekunywa uji nusu kikombe. Nikampa ile dawa ya kikohozi ya duka, kijiko. Jirani akaniletea majani ya kuchemsha, amekunywa kidogo akatapika. Halafu nikaazima pampu ya mtoto wa mwenzangu, nimempulizia mara nyingi hata sijui ni ngapi, mpaka mikono yake ikaanza kutetemeka. Hakuna kingine. Nimekuambia yote."

Nikaushika mkono wa mtoto. Mpigo ulikuwa unakimbia sana, na safari hii nilijua ni kwa nini.